Maji ya Mgeni katika Jakuzi la Mama Zaina

Watoto wangu, ninyi mnaopima maji kwa kifaa kinachoongea na simu, simu yenu itawaambia kila kitu isipokuwa jambo moja: nani ameoga humo. Hilo utalijua kwa pua, kwa macho, na kwa kukaa kimya kwenye kiti cha plastiki uani kwa watu. Mimi Mama Gode nilijifunza hivyo nikiwa tayari nimestaafu, kwa sababu ya jakuzi moja, samaki ambao hawakuwahi kufika, na wifi mmoja kutoka Banalia. Mnisamehe nikicheka katikati. Nyumbani kwangu, nikianza hadithi hii, wajukuu huondoa kwanza kikombe cha chai mbele yangu.

Kupima maji ndiyo kazi iliyonilisha hapa Kisangani. Nilianza kwenye mitambo ya maji nikiwa msichana mwembamba, ndiyo, mwembamba, msiniangalie hivyo, kisha nikaenda kulinda bwawa la kuogelea la hoteli moja. Bwawani ndiko nilikogundua kwamba bwana mwenye suti na kijana wa kusukuma baiskeli wakishaingia majini ni kitu kimoja. Wote wana jasho, wote wana mafuta ya mwilini, na wote wanaapa kwamba hawajakojoa.

Aliyenifundisha ni Papa Likulu, mtu wa kule Isangi, mtoto wa mto kweli kweli. Alikuwa na mikono mikubwa ya kuvuta nyavu, lakini kile kichupa cha kioo cha kupimia alikishika kama kifaranga. Siku moja tumetoka kula, mimi nikachota maji, nikatia kidonge cha kupimia, nikaziba kichupa kwa kidole gumba na kukitikisa. Matokeo yakaja ya ajabu, hayafanani na ya asubuhi wala ya jana. Papa Likulu akakitazama kichupa. Alinishika mkono, akanusa kidole changu, akafunga macho.

"Liboke," akasema. "Ya ngolo. Na pilipili mingi."

Ndiyo ilikuwa liboke ya ngolo, yule kambare wetu, amefungwa kwenye majani na kuwekwa juu ya makaa. Mitambo mizima ilinicheka mpaka jioni, na tangu siku hiyo sijaziba kichupa kwa kidole tena. Kifuniko chake kipo, watoto. Tumieni kifuniko. Suuzeni kichupa kwa maji yale yale mnayokwenda kupima, na msichote juu juu, zamisheni mkono mpaka kiwiko. Papa Likulu alikuwa akisema, "Gode, maji haidanganyi. Batu ndio banadanganya, na bengine banadanganya kwa adabu." Hayo ya mwisho sikuyaelewa mpaka nilipofika kwa Mama Zaina.

Bon. Mama Zaina ni mama wa vitenge, wa familia ya zamani ya Waislamu wa mji huu, wale ambao babu zao walikuja na biashara. Kama umewahi kufika Kisangani kutoka Bengamisa, kutoka Banalia au kutoka Ubundu ukiwa na undugu naye hata wa kuazima, umelala kwake. Zamani ukigonga tu, alikuwa anatoka mwenyewe hadi langoni, anakunyang'anya mfuko, anakuuliza habari za watu wa kwenu kwa majina, mmoja mmoja, mpaka na mbuzi. Halafu anasema, "Maji iko tayari, kaoge." Kwetu mgeni aliyetoka safari haulizwi shida yake kabla hajaoga. Vumbi la barabara likimkaa mgeni mwilini, aibu ni ya mwenye nyumba.

Kisha magoti yake yakakataa. Akawa mtu wa kiti cha mikono, sebuleni, mlango wazi, anawapokea wageni kwa sauti tu. Mtoto wake wa kwanza, anayefanya biashara Kinshasa, alisikia daktari amesema mama asogeze miguu ndani ya maji ya moto. Basi akanunua jakuzi, lile beseni kubwa la maji ya moto na mashine ya mapovu. Weee! Lilipanda mto juu ya boti ya mbao katikati ya magunia ya chumvi, na lilipoteremshwa bandarini watu walibishana kama ni pirogi, ule mtumbwi wetu, ya duara au ni sahani ya kunasia televisheni. Likawekwa uani chini ya paa la bati, na paneli za jua juu yake, kwa maana tukiungoja umeme wa mji, Mama Zaina angeoga Krismasi, na yeye si Mkristo.

Na lilimsaidia! Baada ya muda alikuwa anainuka peke yake, anashika meza, anafika mlangoni. Mumewe, Papa Ramazani, fundi cherehani mstaafu, mtu mzuri lakini hana subira hata ya kungoja uzi upite kwenye sindano, alianza kumwita "mademoiselle", kama binti ambaye hajaolewa. Halafu mambo yakaharibika. Maji yakawa meupe kama yamesuuza mchele, yakanuka, na Mama Zaina akatokwa na vipele mgongoni. Akaacha kuingia. Magoti yakarudi kuwa mawe. Ndipo nikaitwa.

"Mama Gode, karibu," aliniita kutoka kitini kabla sijavuka kizingiti. "Unisamehe, sikukuja kukupokea. Hii miguu inanitia haya."

Uani nikamkuta Papa Ramazani amesimama juu ya jakuzi, mikono kiunoni. Pembeni yake alikuwa Papa Bosongo, muuza samaki, mkono wake umezama majini mpaka begani. Alikuwa anapima kina.

"Inatosha," akasema Papa Bosongo. "Ngolo watakaa muzuri. Ila hii mapovu inayotoka chini, haitawasumbua?"

"Itawasumbua nini?" akajibu Papa Ramazani. "Batazani bako kwenye maporomoko ya Wagenya. Batafurahi."

Nikauliza kuna nini. Papa Ramazani akanieleza kwamba jakuzi limekuwa ugonjwa ndani ya nyumba, kwamba Papa Bosongo anatafuta chombo cha kuwekea ngolo wazima ili wasimfie kabla ya soko, na kwamba Jumatatu atakuja na mkokoteni kulichukua.

"Na magoti ya mama?" nikauliza.

"Mama Gode, mi ninapunguza dawa kila siku, harufu ya dawa inazidi. Ni uchawi gani huu?"

Sasa hapa sikilizeni, kwa sababu hapa wanakosea hata watu waliosoma na wasiosoma, sisi sote. Harufu kali ya klorini si dalili kwamba klorini imezidi. Ni dalili kwamba imechoka. Klorini iliyo tayari kwa kazi hainuki sana. Ikishapigana na jasho, sabuni, mafuta na mkojo, ikashikamana nayo, ndipo inapopiga ile harufu ya kuchoma macho. Ukipunguza dawa, unawaondoa askari wakati vita bado. Papa Ramazani alikuwa anafanya hivyo kwa bidii kabisa, maskini, tena alikuwa anapima kwa vibanzi vya karatasi alivyokuwa anaviweka jikoni, juu ya kabati, hapo mvuke wa pondu, mboga yetu ya majani ya muhogo, unapopanda. Vibanzi vilikuwa vimekunywa unyevu mpaka vikageuka rangi vyenyewe, bila kuguswa na maji. Kimoja kilitaka kuniambia kwamba kabati lina klorini.

Nikamwambia, "Papa, nipe mpaka Jumatatu."

"Mpaka Jumatatu," akasema. "Mukokoteni wa Papa Bosongo ukiingia, uache jakuzi lipite."

Mama Zaina alikuwa ametusikia kupitia dirisha. Aliniita nikiwa natoka, akanishika mkono, macho yake yana maji. "Mama Gode, sitaki kufia mu hii kiti. Ninataka siku moja tu niende mpaka kwa lango. Siku moja." Nikamwambia atakwenda. Nikatoka nikijiuliza ni nani aliyenituma kuahidi.

Alors, nikaanza kazi. Nikamwaga maji yote. Nikatoa chujio, nikaliosha, na lilitoa uteute ambao sitawaelezea kwa kuwa huenda wengine hamjala. Mabomba ya jakuzi nayo yana utando ndani, hauonekani, na ndiyo maskani ya wadudu. Nikayapitishia dawa ya kusafishia, nikasuuza. Tukajaza maji ya mvua kutoka kwenye mapipa, maana mvua ya Kisangani haina ubahili. Lakini maji ya mvua ni mepesi mno, hayana kitu cha kuishika pe-ash, kile kipimo cha uchachu wa maji. Leo yako hivi, kesho yako vile, kama bwana harusi siku ya posa. Ukiyatia klorini bila kuyatuliza kwanza, unafanya kazi ya bure. Nikatia bikaboneti, yaani magadi soda, kidogo kidogo, nikingoja na kupima, mpaka pe-ash ikatulia juu kidogo ya saba. Ndipo nikatia klorini. Dawa inaingia kwenye maji, watoto, kamwe maji hayamwagwi juu ya dawa. Na aina moja ya klorini haichanganywi na nyingine hata kama makopo yanafanana. Aliyechanganya kule hotelini nyusi zake zilichukua muda mrefu kurudi, na ziliporudi hazikuwa sawa.

Jioni nikapima. Kidonge kikayeyuka, kichupa kikawa cha waridi, rangi ya juisi ya ngai-ngai, yale maua mekundu ya choya, iliyoongezwa maji. Klorini ilikuwa kati ya tatu na nne, pazuri kabisa kwa maji ya moto. Nikatembea kwenda nyumbani nikiimba.

Asubuhi nikarudi. Nikachota, nikatia kidonge, nikaziba kwa kifuniko, nikatikisa. Kichupa kikabaki cheupe, hakuna hata aibu ya rangi. Sifuri.

Nikatia dawa tena. Jioni waridi, asubuhi sifuri. Nikasema labda vidonge vyangu vimekufa. Nikachukua maji ya ndoo, nikatia tone la klorini, nikapima: waridi ya kung'aa. Vidonge vizima. Labda jua? Nikafunika jakuzi kwa kifuniko chake, nikalifunga kamba. Labda moto umezidi, kwa kuwa maji ya moto hula klorini upesi kuliko ya bwawa? Nikapima joto, liko sawa. Mashine inazunguka, chujio safi. Na bado kila asubuhi maji yalinitazama kama hayajawahi kunijua.

Kuna jambo lingine. Kamba yangu nilikuwa naikuta imefungwa kwa fundo ambalo si langu.

Nikamwuliza Papa Ramazani, "Nani anaingia humu?"

"Hakuna. Mi naendaga kwa kaka yangu tangu asubuhi, ninarudi nikisha kuswali. Nani ataingia?"

Nikamwuliza Mama Zaina. Akaangalia kitenge chake, akakunja pindo lake, akalikunjua. "Mimi siingii, Mama Gode. Unajua siingii."

"Najua wewe huingii. Nauliza nani anaingia."

"Kunywa chai," akasema. "Inapoa."

Ndipo nikamkumbuka Papa Likulu na watu wake wanaodanganya kwa adabu. Jumamosi sikurudi nyumbani baada ya kupima. Nikavuta kiti cha plastiki nyuma ya mapipa ya mvua, nikakaa na karanga zangu, nikangoja.

Mchana jua limekolea, pikipiki ikanguruma langoni. Nikasikia kuku analia, na sauti ya mwanamke inayojaza mtaa: "Hodi, bana ba huku! Kuko batu?" Alikuwa Mama Feza, dada wa Papa Ramazani, ametoka Banalia. Huyo ndiye wifi niliyewaambia. Alikuwa mwekundu kwa vumbi kuanzia kilemba hadi vidole vya miguu, macho tu ndiyo yaliyobaki na rangi yake. Kwa mkono mmoja alishika kuku kwa mabawa, kwa mwingine mfuko wa mihogo.

Na kutoka sebuleni, kutoka kitini, sauti ya Mama Zaina ikatoka ikiwa na furaha ambayo sijaisikia wiki nzima: "Wifi yangu! Unisamehe sikuji kwa lango! Pita uani, maji ya moto iko tayari, kaoge!"

Nikaacha kutafuna.

Mama Feza akaja uani. Alifungua kamba yangu kama mtu aliyezoea kuifungua, akamwacha kuku, akabaki na kitenge chake cha kuogea. Kisha akatoa kwenye mfuko mche wa sabuni, ule mrefu wa kufulia, mzima, haujakatwa, na dodoki la kujisugulia. Akaingia majini na pumzi ya mtu aliyefika peponi. Akajipaka sabuni kichwani. Akajipaka mgongoni. Akaisugua sabuni kwenye kitenge. Halafu, bila kujua, kiwiko chake kikabonyeza kitufe cha mapovu.

Ayiii, watoto!

Mnajua maji ya mvua na sabuni. Mapovu ya kufulia nguo ya kawaida tu mnayajua. Sasa wekeni mashine inayopiga hewa kutoka chini. Povu liliinuka kama ugali unaochemka bila mpishi. Likapita mabega ya Mama Feza, likapita kidevu, likaruka ukingo, likaanza kutembea uani. Kuku aliliona likimjia, akapanda juu ya pipa langu, akaniona mimi, akapiga kelele kunizidi. Ndani ya povu Mama Feza hakuwa anaonekana tena, lakini alikuwa anaimba. Haki ya Mungu alikuwa anaimba! Alidhani ndivyo jakuzi lilivyo.

Nilianguka kutoka kwenye kiti. Nilicheka mpaka mbavu zikaomba msamaha. Na hapo hapo Papa Ramazani akaingia akitoka msikitini, pamoja na Papa Bosongo aliyekuja kuona jinsi ya kulifungua jakuzi kabla ya Jumatatu. Wakasimama. Povu likawafikia miguuni, likapanda kwenye kanzu.

Papa Bosongo alitazama muda mrefu. "Papa Ramazani," akasema taratibu, "mi nilitaka kuweka samaki. Sikusema ninataka kubafulia."

Lile povu likajibu: "Kaka! Uko hapo? Salaam aleikum! Usiangalie huku, ninaoga!"

Tulipomaliza kucheka, na povu limeanza kushuka, Mama Feza amevaa, tukaingia sebuleni. Mama Zaina alikuwa analia. Kicheko kikanikatika.

"Ni mimi," akasema. "Ni mimi ninabatuma. Siku zote, muchana, na usiku batu bakilala. Bale ba Ubundu, bale ba Bengamisa, wote banaoga mule. Mama Gode aliniuliza, na nilinyamaza. Ningesema nini? Mugeni akioga kwako, unaenda kumutangaza kama mwizi?"

"Lakini kuna bafu!" akasema Papa Ramazani. "Kuna ndoo!"

"Ndoo? Zamani nilikuwa ninaenda kwa lango. Ninabeba mufuko wao. Sasa miguu yangu haibapokei bageni. Basi nikasema, ile maji muzuri ibapokee kwa fasi yangu."

Papa Ramazani alikaa chini. Aliyekuwa na hasira ya mapovu kwenye kanzu hakuwa na hasira tena, lakini fundi cherehani akiona tundu lazima alishone pale pale. "Bon," akasema. "Kuanzia leo, hakuna mugeni kuingia mule. Tutafunga na kufuli. Utapona, itakwisha."

"Basi muuze jakuzi," akasema Mama Zaina. "Mupatie Papa Bosongo. Maji inayofukuza mugeni, mimi siingii. Nitakaa na magoti yangu."

Na alisema kweli, ilikuwa usoni mwake. Kufuli lingemrudishia maji safi ambayo asingeyagusa. Mama Feza naye alikuwa amejiinamia, sabuni bado mkononi, anaona kama yeye ndiye aliyemharibia wifi yake miguu. "Nani angejua?" akanong'ona. "Kuingia ndani ya maji bila sabuni, si ni kumutukana mwenye nyumba? Atasema nimekuja kulowa tu."

Hapo nilisikia kichwa changu kikifunguka. Kwa sababu nilielewa kwamba hakuna aliyekuwa amekosea. Wote walikuwa na heshima, ila heshima yenyewe ilikuwa inakula klorini.

"Mama Zaina," nikasema, "mgeni wako akifika na njaa, unampa chakula bila maji ya kunawa?"

"Wee! Sijafikia hapo."

"Basi na hapa kuwe na maji mawili. Ya kwanza ya kuondoa safari: ndoo ya moto, sabuni, dodoki, ajisugue mpaka achoke, ajisuuze sabuni yote na mafuta yote. Ya pili ya kupumzika. Kwenye ya pili haendi na kitu mkononi, anaenda kama mtu aliyeketi mkekani, amekwisha kunawa. Nani atasema umempunguzia?"

Mama Zaina alikunja pindo la kitenge chake. Kisha nikaona kona ya mdomo ikipanda. "Maji mbili," akasema polepole. "Kwa Mama nani huko Ubundu bako na maji mbili?"

"Hakuna," nikasema. "Hata kwa gavana, sijui."

"Basi mujenge," akasema Mama Zaina, na akajifuta macho.

Jumapili ilikuwa kama siku ya harusi. Mimi nilikuwa namwaga na kusuuza mabomba ya jakuzi mpaka povu la mwisho likaisha, na likaisha shingo upande. Papa Ramazani alisimamisha bati na nguzo pembeni, akashona pazia la kitenge kwa mkono, mishono midogo mizuri, ingawa hakuna aliyemwomba. Mama Feza alibeba mawe ya kukanyagia, amekataa kusaidiwa, akisema yeye ndiye aliyeleta mafuriko. Tukajaza, nikatuliza maji kwa bikaboneti, nikatia klorini. Mama Feza akaoga ya kwanza nyuma ya pazia, akajisuuza mara nyingi kiasi cha kutisha, akaingia ya pili mikono mitupu, anaona haya kama msichana.

"Nifanye nini sasa?" akauliza.

"Usifanye kitu."

"Kitu hata kimoja?"

"Hata kimoja."

Alikaa. Baada ya kidogo akasema, "Aaah, kumbe."

Jumatatu asubuhi nilifika mapema kama siku ya mtihani. Nikasuuza kichupa, nikazamisha mkono mpaka kiwiko, nikatia kidonge. Papa Ramazani upande huu, Mama Feza upande ule, na Mama Zaina dirishani amejishikilia nondo, ameinuka kitini kwa sababu hakuweza kungoja. Kidonge kikazunguka, kikaanza kumumunyika. Waridi. Si kali kama ya jana, lakini waridi ya kutosha, klorini imelala na imeamka. Mama Feza alipiga kigelegele ambacho nadhani kilifika Banalia kabla yake.

Katikati ya kigelegele hicho Papa Bosongo akaingia na mkokoteni wake. Papa Ramazani alikuna kichwa, akaanza kutafuta maneno. Lakini Mama Zaina hakumpa nafasi. "Papa Bosongo, umetoka mbali na hiyo jua! Maji iko tayari. Ya kwanza nyuma ya pazia, ya pili pale. Kaoge!"

Yule mtu alikuwa amekuja kuchukua jakuzi. Mtu wa mto hawezi kukataa maji aliyokaribishwa. Aliingia nyuma ya pazia na uso wa biashara. Alipotoka kwenye ya pili, muda mrefu baadaye, vidole vimekunjamana na macho yamelegea, alikaa juu ya mkokoteni wake mtupu na kuutazama uwanja.

"Kuweka ngolo mule ni zambi," akasema. Akaondoka na mkokoteni mtupu, na siku iliyofuata akatuma kambare mmoja mnene, amekwisha kufungwa kwenye majani, tayari kwa makaa.

Tangu hapo Mama Zaina alirudi majini. Vipele vilikauka. Kila asubuhi alikuwa anasogeza magoti humo, anahesabu kwa sauti, anayatukana yakikataa. Mimi nilipita kupima, na nikamfundisha yeye mwenyewe kupima na kuongeza dawa wageni wakiwa wengi. Anapima vizuri kuliko nilivyopima mimi ujanani. Hali liboke kabla ya kazi.

Na sasa niwaambie kilichonifanya nianze kueleza yote haya. Juzi nilikwenda kwake, na mfuko wangu wa vichupa begani, nimetembea juani, viatu vyekundu kwa vumbi. Nikanyoosha mkono kugonga lango. Likafunguka kabla sijagonga. Alikuwa amesimama pale, watoto. Amesimama kwa miguu yake, fimbo imeegemezwa ukutani nyuma yake, haishiki. Alinyoosha mkono akaninyang'anya mfuko.

"Mama Zaina, huo ni mzito, nipe—"

"Nyamaza. Habari ya kwako? Wajukuu? Yule mudogo wa kukohoa? Yule wa shule?" Aliwauliza wote, kwa majina. Mimi nilikuwa nalia tu. Alisubiri nimalize, halafu akasema, "Umepima hii maji miezi yote. Umeingia siku moja?"

Sikuwa nimeingia. Maisha yangu yote ya kazi, maji ya mji mzima, bwawa la hoteli, jakuzi, sikuwahi kuingia hata siku moja. Fundi hukaa ukingoni.

"Leo haukukuja kwa kazi," akasema. "Leo uko mugeni. Maji iko tayari. Kaoge."

Nikaoga ya kwanza nyuma ya pazia la Papa Ramazani. Nikaingia ya pili mikono mitupu. Sitawaeleza ilikuwaje, nendeni mkajionee, anapokea kila mtu. Nilipotoka, nimejifunga kitenge cha Mama Zaina, mazoea yakanishinda: nikachukua kichupa, nikasuuza, nikachota mpaka kiwiko, nikapima. Klorini ilikuwa imeshuka kidogo. Mama Zaina akachungulia juu ya bega langu, akaitazama ile waridi iliyofifia.

"Nani aliingia?" akauliza.

"Ni mimi," nikasema, na tukacheka mpaka akahitaji fimbo yake.